Mama Mkwe Kwenye Kopo la Sigara

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Masumbwe.

Nyumba kimya. Mke wangu Febronia yuko kwao Ushirombo tangu juzi, Noela mgongoni. Mtoto anakohoa. Daktari aliuliza kama kuna mtu anavuta sigara nyumbani. Febronia aligeuka akanitazama. Daktari akaandika.

Leo amepiga simu. Hakugomba, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Kasema ubatizo uko palepale, Jumapili, parokiani kwetu. Atakuja na mtoto, na mama yake, na wazee wa kwao. Kanisani atanikabidhi Noela nimshike. Kabla ya kumwachia atanusa mikono yangu. Ikinuka moshi, baada ya misa yeye na mtoto wanapanda gari lilelile lililowaleta, na nisimfuate. Nikasema sawa, Mama Noela. Akasema nisimwambie sawa, nimwambie nitafanyaje. Nikasema nina mpango. Akashusha pumzi ndefu. Anaijua mipango yangu.

Mpango wenyewe: naacha sigara. Leo. Nikishamaliza pakiti hii, maana kutupa kitu kizima ni dhambi.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nimeanza na utafiti. Nimechukua pakiti nikasoma lile onyo, ambalo kwa kweli sikuwahi kulisoma hadi mwisho: uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako. Nikasoma kimoyomoyo. Nikasoma kwa sauti. Nikasoma nikiwa nimesimama. Wapi! Ni kama lile bango la "mbwa mkali" kwenye geti la Edward. Masumbwe nzima inajua Edward anafuga paka. (Edward ni yule mwenye steshenari inayotazamana na yangu, ng'ambo ya barabara, na nyumbani pia tu majirani. Ananiiga kila kitu. Nilipotundika pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti, naye akatundika la kwake, pana kuliko langu.)

Nikaenda kwa Chacha, mwenye kibanda pale stendi. Ameuza sigara tangu stendi ikiwa vichaka. Nikamuuliza, bila kumwonyesha, pakiti imeandikwa nini. Akafikiri. Akasema imeandikwa isipigwe na jua.

Kumbe! Muuzaji mwenyewe hajui. Na wateja wake hata pakiti hawaioni, kwa sababu anazimwaga zote kwenye kopo la maziwa ya unga na kuuza moja moja. Hatari anaiuza, onyo analitupa jalalani.

Nikanunua moja ili kuthibitisha. Ni kweli. Haikuandikwa kitu.


Jumanne, 5 Agosti.

Nimegundua kosa. Onyo limeandikwa kwa maneno, na maneno hayamtishi mtu. Inatakiwa picha. Picha ni kazi yangu! Nina printa ya rangi, nina karatasi za stika. Nani mwingine hapa wilayani ana silaha kama hizi? (Edward. Ila printa yake inatoa mistari.)

Nimetafuta mtandaoni picha ya pafu la mvutaji. Jeusi, lina mishipa ya njano, linatisha. Nikachapa. Nikabandika kwenye pakiti yangu. Nikabandika na nyingine kubwa kwenye kaunta, nipime wateja wanavyoshtuka. Utafiti lazima uwe mpana.

Wakaingia wanaapolo watatu, vijana wa kuchimba dhahabu, wametoka machimboni na vumbi hadi kwenye kope. Wamekuja kupiga picha za vitambulisho. Wakaliona pafu. Wakaacha kujifuta vumbi. Nikafurahi moyoni. Mkubwa wao akainama, akasogeza uso, akauliza kwa sauti ya chini jiwe hili limetoka duara, yaani shimo, la nani.

Nikamwambia siyo jiwe, ni pafu. Akacheka akasema sawa, mzee, ficha siri yako. Akawaonyesha wenzake ile mishipa ya njano kwa kidole. Wakakubaliana kwamba huo mzigo ukifika kwenye karasha ya kusagia, mwenye nao ataoa tena. Jioni wakarudi na tajiri wao. Tajiri kanipa mkono, kaniita mheshimiwa, kaniomba nimpeleke eneo.

Nimebandua pafu.

Nimevuta mbili kwa ajili ya mshtuko. Kesho sivuti.


Jumatano, 6 Agosti.

USHINDI!

Asubuhi nimekaa na kujiuliza swali kama mwanamume: Nestory, wewe unaogopa nini? Kifo, hapana. Hapa kila siku watu wanashuka shimoni kwa kamba na kupanda wakicheka. Maradhi, sijawahi kuyaona uso kwa uso. Nikapita mambo yote moja baada ya jingine, hadi nikafika kwa mama mkwe.

Jasho likanitoka papo hapo.

Wakwe zangu wamekaa Ushirombo miaka mingi, lakini desturi za Usukumani hawajaziacha, na mimi ni Msukuma wa Maganzo, sijaziacha pia. Mkwe ni mkwe. Sijawahi kula mbele yake. Sijawahi kumtazama machoni. Nikimwona anakuja njiani naingia porini hadi apite, hata kama pori lenyewe ni shamba la mtu. Akipiga simu nasimama. Siku ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga Febronia kwao, alitokea ghafla nikiwa na sigara mkononi. Niliitia mfukoni ikiwaka. Koti lile bado lina tundu, na mimi pia nina kovu mahali ambapo sitapaandika.

Sasa hiyo ndiyo hatari kwa afya yangu!

Nimeitafuta picha yake ya sendofu. Anaitazama kamera kama anayemtambua mwizi wa kuku. Nikamkata kichwa na mabega (Mungu anisamehe), nikachapa, nikabandika kwenye pakiti na kufunika kwa plastiki safi. Pakiti nikaiweka kwenye droo.

Saa ya chai nikafungua droo. Mkono ulirudi wenyewe. Midomo ikasema shikamoo mama. Nikafunga droo taratibu, kwa adabu.

Sijavuta hadi jioni. Hata moja! Wizara ya Afya wangeniuliza mapema.


Alhamisi, 7 Agosti.

Matatizo madogo ya kiutendaji.

Pakiti lazima nitembee nayo, vinginevyo onyo litamwonya nani? Lakini naiweka wapi? Mama mkwe mfuko wa mbele wa suruali: haiwezekani, ni laana. Mfuko wa nyuma: nitamkalia. Mfuko wa shati: yuko juu ya moyo wangu, watu watafikiria vibaya. Mwishowe nimemtia kwenye bahasha ya kaki na kuibeba kwa mikono miwili. Nimepita sokoni hivyo. Katekista akadhani ni mchango wa kanisa, akanibariki.

Mchana kiu ikanishika vibaya. Badala ya cheti cha mteja nimetoa fotokopi ya mkono wangu mwenyewe. Nikajaribu kumgeuzia mama uso ukutani. Nikahisi anasikia. Nikamfunika leso kama amepumzika. Bado. Basi nikaenda kwa Chacha nikachukua moja kutoka kwenye kopo na kuivuta nyuma ya kibanda, na haikuniuma popote.

Hapo nikaelewa. Onyo langu lina ugonjwa uleule wa onyo la serikali: limebaki kwenye pakiti. Sigara ya kopo haina mwenyewe.

Suluhisho limenijia hapohapo, moshi ukiwa bado puani. Kama nanunua kwenye kopo, mama mkwe akae kwenye kopo!

Chacha alisita. Akauliza huyu mama ni nani. Nikasema ni mtaalamu wa afya. Akauliza mbona amekasirika. Nikasema ndiyo taaluma yenyewe. Tukakubaliana: yeye abandike, mimi nimtolee fotokopi za leseni bure. Nimebandika mwenyewe, picha kubwa, imezunguka kopo zima. Nikarudi nyuma hatua chache nitazame. Miguu ikaingia yenyewe kwenye mtaro kumpisha.

Kamili! Sasa hakuna pa kukimbilia.


Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Sikukuu. Nimefunga duka. Saa nne nikapita stendi kuona watu wanavyoacha sigara.

Foleni!

Foleni hadi kwenye vijiwe vya bodaboda. Wanaapolo watupu. Kila mmoja anasema nipe moja ya Mama. Wengine nipe mbili za Mama. Nikamvuta Chacha pembeni. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, akasema hajawahi kuuza hivi.

Habari yenyewe ni hii. Jana jioni vijana wa duara moja walinunua sigara hapo. Wakaona sura. Wakauliza. Chacha akawaambia alichoambiwa, kwamba ni mtaalamu. Kwa vijana hao mtaalamu ni mganga, hakuna mtaalamu mwingine. Wakavuta, wakashuka shimoni, na leo alfajiri wamepiga mwamba wenye dhahabu. Basi! Sasa inasemekana mama huyo anatoka mbali, hacheki kamwe, na ukivuta sigara yake huku unamtazama machoni bila kupepesa, jiwe linajileta lenyewe.

Kijana mmoja alikuwa amelitazama kopo hadi machozi yanamtoka. Nikamsihi aache, sigara inaharibu mapafu. Akaniambia nisimtoe kwenye hesabu.

Nikambembeleza Chacha abandue. Akauliza kwani mimi ni adui yake? Nikasema mama huyo ana heshima zake. Akasema ndiyo maana anauzika.

Na bado. Naangalia kopo la kibanda cha pili: mama mkwe. La tatu: mama mkwe. Wana mistari mistari usoni.

Edward!

Ameipiga picha kwa simu, ameichapa, anawasambazia wauzaji wote wa stendi. Nimemkuta mlangoni kwake anakata stika, anapiga mluzi. Nikamwambia yule ni mama mkwe wangu. Alicheka hadi akakaa chini. Akasema kila siku nina hadithi mpya ya kumzibia riziki. Kisha akaniambia ameiweka na kwenye stetasi yake, na amepata maoni mengi kutoka Runzewe.

Runzewe! Kule kuna ndugu zake Febronia. Runzewe na Ushirombo ni pua na mdomo.

Leo sitalala vizuri.


Jumamosi, 9 Agosti.

Simu imelia saa moja asubuhi. Nikasimama kabla ya kuangalia ni nani. Alikuwa Febronia.

Hakuuliza hali. Kasema baba yake mdogo alipita Masumbwe jana na pikipiki akashuka kunywa soda. Karudi nyumbani hawezi kusema. Walimpa maji. Alipopata sauti akasema mkwe wa Masumbwe anamuuza mama stendi. Wakauliza anamuuza vipi. Akasema anamuuza moja moja.

Nikajieleza. Nilieleza yote, droo, bahasha, mtaro. Akasema wazee wameshakaa. Nina kosa la kuichezea sura ya mkwe, na kosa hilo linafutwa kwa kondoo. Nikasema kondoo nitampata. Akasema yeye hazungumzii kondoo. Kasema Noela alikesha na kikohozi, na baba yake yuko stendi anabandika picha. Kesho atakuja kwa sababu ya sakramenti. Baada ya sakramenti, ataona.

"Ataona." Sipendi neno hilo.

Nimekaa dakika chache nikiwa na simu sikioni, imeshakatika. Nikakumbuka usiku ule Noela alipozaliwa alivyonishika kidole. Kidole hikihiki, chenye alama ya njano. Nimekisugua kwa ndimu na mchanga. Alama imepungua.

Kisha nikatenda. Wakwe watashukia stendi. Hawatakiwi kuona hata kopo moja. Wauzaji wakakataa kubandua. Sigara ikishaitwa ya Mama haiuziki bila Mama. Basi nimebeba makopo yote kama yalivyo. Nimewaachia mashine yangu ya kukatia picha kama dhamana hadi nitakapowalipa. Chacha alinitazama kwa huruma, akasema hajawahi kuona mtu anayeacha sigara kwa kuzinunua zote.

Nyumbani nikambandua mama mkwe, kopo baada ya kopo, kwa mvuke wa maji moto, asichanike. Nimemhifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Makopo nimeyarudisha. Nikabaki na lundo la sigara juu ya meza, Febronia anakuja asubuhi!

Kutupa shimo la choo: limejaa. Kuzika: kuku wangezifukua mbele ya wageni. Nikaona gunia la magunzi ya mahindi kule jikoni nje. Nani anahangaika na magunzi? Nimezisukuma zote hadi chini kabisa ya gunia.

Sijavuta leo. Kweli. Katikati ya lundo lote lile, sikuvuta. Niliweka mkono juu yake tu, kidogo.


Jumapili, 10 Agosti.

Naandika polepole. Mengi.

Kanisani: nimeoga mara mbili. Nina suti, ile ya tundu. Wakwe wakaketi upande wao, mimi wangu, sikuinua macho. Ilipofika zamu yetu Febronia akasogea na Noela, mtoto ana gauni jeupe na soksi kubwa kuliko miguu. Akaushika mkono wangu wa kulia kama anayepima ndizi, akaunusa. Akashika wa kushoto. Akanusa kile kidole peke yake. Padri akasubiri na maji yake. Kanisa zima likasubiri.

Akaniachia mtoto.

Nimemshika mwanangu nikiwa nanuka ndimu. Sitasahau. Alipomwagiwa maji hakulia, alikohoa kidogo tu, kisha akanikamata tai.

Tukaenda nyumbani. Wageni chini ya turubai, masufuria makubwa ya pilau, wanawake wa jumuiya wamevaa kanga za sare. Mimi nagawa soda, natembea kama askofu. Nikasikia Paskalia, mkuu wa mapishi, akiuliza mbona moto unasuasua. Mtu akamjibu achukue magunzi.

Nikaacha kreti.

Mimi si mtu wa jikoni. Nilidhani magunzi huchukuliwa moja moja. Paskalia huinua gunia zima na kuligeuza.

Mwanzo ulikuwa moshi wa kawaida. Kisha ukawa mzito, wa buluu, ukaingia chini ya turubai na kukaa kama mgeni mwalikwa. Katekista akakohoa. Wazee wa ukweni wakatazamana. Baba mdogo, yule wa pikipiki, akavuta pua, akasema taratibu kwamba hiyo anaijua, hiyo ni ya Mama. Edward, ambaye hakualikwa, alikuwa wa kwanza kucheka. Kila suti ilinuka. Kila kanga. Hata pilau. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti nani kaleta, na Paskalia akainua sigara nusu iliyoungua kwa koleo, akaionyesha kila upande kama mnadani.

Febronia aliniangalia. Nilitaka kusema. Ndipo Noela akaanza. Si kile kikohozi kidogo. Kile kingine, kinachomkunja.

Sikuwaza. Nilimchukua mikononi mwa bibi mmoja nikakimbia naye nje, hadi barabarani, upande unakotoka upepo. Nikasimama pale nampigapiga mgongoni, nasema pole baba, pole mama, pole. Akatulia. Akavuta hewa.

Nikageuka. Mama mkwe.

Hatua mbili kutoka kwangu. Alikuwa amekimbia pia, viatu mkononi. Nyuma yangu ukuta wa Edward, mbele yangu yeye. Hakuna pori, hakuna mtaro. Nikatazama chini. Naye akatazama pembeni. Desturi ni yake pia.

Kisha akasema, si na mimi, na mtoto: Noela, muulize baba yako, mimi ni jini?

Nikasema: Noela, mwambie bibi yako hapana. Na mwambie shikamoo.

Akasema: Marahaba. Noela, muulize baba yako, kwa nini sura yangu inamtisha na kikohozi chako hakimtishi?

Noela akanitazama kana kwamba ni yeye aliyeuliza. Ana macho makubwa. Nilimfunika tu kichwa kwa mkono. Mama mkwe akangoja, hakunihimiza. Gari la mchanga likapita. Nikasema mwambie bibi kinanitisha.

Akavaa viatu vyake. Akamwambia Noela amwambie baba yake kondoo asiwe mkonde. Akaenda, akasimama, akarudi nusu. Na ile picha, Noela, mwambie baba yako ndiyo picha nzuri pekee niliyopigwa. Aniletee kubwa, ya ukutani. Isiwe na mistari.

Jioni gari la Ushirombo liliondoka. Nilihesabu vichwa vilivyopanda. Febronia hakuwemo. Amekaa mlangoni anamlaza mtoto. Kaniambia amebaki kwa sababu alininusa kanisani na akakuta ndimu, na kwa sababu aliniona nikikimbia. Kaniambia hatabaki kwa sababu nyingine.

Nimeacha. Nimeapa kwa jina la ubatizo wake.


Jumatatu, 11 Agosti.

Asubuhi nzuri. Uji. Noela hajakohoa tangu alfajiri. Febronia anaimba uani anapofua kanga zinazonuka.

Nimekaa nikatafakari maneno ya mama mkwe, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilichagua picha isiyo sahihi! Anayetakiwa kwenye pakiti ni Noela. Nimechapa ile ya kanisani, na gauni jeupe. Rangi zimetoka vizuri ajabu.

Stika haishiki vizuri kwenye pakiti tupu, inabonyea. Nikalazimika kununua iliyojaa. Chacha alinipa na kiberiti.

Sasa nimesimama nyuma ya choo kwa majaribio ya mwisho. Ni hatua ya lazima: onyo lisilojaribiwa si onyo. Noela ananiangalia kutoka kwenye pakiti. Tatizo ni kwamba pichani anacheka. Hatishi. Anaonekana kama anasema haya, baba.

Kesho nitampiga nyingine akiwa analia. Hii moja ni ya kulinganishia tu. Nimepima upepo kwanza, kwa kidole chenye ndimu: unaelekea kwa Edward.